Namba kubwa ichambuliwe vipi? Hatua kwa hatua na 61,741,120

Wanaoanza kujifunza nadharia ya namba huniuliza maswali matatu ambayo hayabadiliki mwaka hadi mwaka: nianze kugawa kwa namba gani, niache wapi, na nikishapata vigawo nivifanyie nini? Nimeandika mwongozo huu ili niyajibu yote kwa pamoja, kwa kutumia namba moja tangu mwanzo hadi karibu na mwisho.

Namba yenyewe ni 61,741,120, ambayo ndiyo idadi ya watu wa Tanzania iliyotangazwa baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Sikuichagua kwa kuwa ni rahisi. Nilitaka namba ambayo hakuna mwalimu aliyeitunga ili majibu yatoke vizuri, na nilipoichambua nilikuta ndani yake kigawo kimoja chenye historia, ambacho tutakifikia katika hatua ya 5.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari la hisabati lenye miraba, kwa sababu tarakimu zikipangwa moja katika kila mraba hazipotezi nafasi zake. Tafuta pia kikokotoo, na hapa uwe mwangalifu: vikokotoo vidogo vya dukani vyenye nafasi nane za tarakimu vitaipokea namba yetu, lakini vitashindwa tutakapofika kwenye jumla ya vigawo vyake, ambayo ina tarakimu tisa. Kikokotoo cha simu kinatosha kwa kazi yote.

Andika pembeni orodha ya namba tasa za mwanzo: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa maana hiyo 1 si namba tasa, na yeyote anayeiingiza katika orodha ya vigawo tasa atapata majibu yasiyo sahihi katika hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 1: Nakili namba na utafute kipeuo chake cha pili

Inakili namba kwa kuitenga katika makundi ya tarakimu tatu tatu, kisha uisome kwa sauti: milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Usiidharau hatua hii. Sehemu kubwa ya makosa ninayoyasahihisha huanzia kwenye tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi wakati wa kunakili.

Kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa kuwa 7,857 × 7,857 ni 61,732,449, na 7,858 × 7,858 ni 61,748,164, kipeuo cha namba yetu kiko kati ya 7,857 na 7,858. Kutokana na hilo tunajua mambo mawili. La kwanza ni kwamba namba yetu si mraba wa namba nzima yoyote. La pili ni kwamba, iwapo tungeijaribu bila kuipunguza, tungelazimika kupima kila namba tasa hadi 7,857, yaani karibu namba tasa 1,000. Kazi hiyo ndiyo inayowakatisha tamaa wanaoanza, ilhali haihitajiki, kama utakavyoona.

Hatua ya 2: Toa 2 zote

Namba inayoishia na 0, 2, 4, 6 au 8 ni shufwa. Igawe kwa 2, na uendelee kugawa jibu hadi upate namba witiri:

61,741,120 → 30,870,560 → 15,435,280 → 7,717,640 → 3,858,820 → 1,929,410 → 964,705

Tumegawa mara sita, kwa hiyo sehemu ya 2 ni 2⁶, yaani 64. Hesabu mishale, usihesabu namba. Namba zilizoandikwa ni saba, na wengi huandika 2⁷ kwa sababu hiyo.

Ipo njia ya kuhakiki hapa hapa. Kwa kuwa 1,000,000 inagawanyika kwa 64 bila baki, unahitaji kuangalia tarakimu sita za mwisho tu: 741,120 ÷ 64 = 11,580, bila baki. Hatua imesimama.

Kuanzia sasa usirudi tena kwenye namba ya mwanzo. Unaifanyia kazi 964,705 peke yake, na kila kigawo utakachokipata kitaipunguza zaidi.

Hatua ya 3: Jaribu 3 na 5

Kwa 3, jumlisha tarakimu: 9 + 6 + 4 + 7 + 0 + 5 = 31. Kwa kuwa 31 haigawanyiki kwa 3, namba nayo haigawanyiki kwa 3, wala kwa 9. Kwa 5, angalia tarakimu ya mwisho: ni 5, basi 964,705 ÷ 5 = 192,941. Hii inaishia na 1, kwa hiyo 5 imetoka mara moja tu.

Hatua ya 4: Panda kwa namba tasa zinazofuata

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo subira inapohitajika. Gawa 192,941 kwa 7 na utapata 27,563 kamili. Ijaribu 7 tena kwenye 27,563, kwa maana kigawo kikitoka mara moja kinaweza kutoka tena. Safari hii inabaki 4, kwa hiyo tunaiacha.

Kabla ya kuendelea, tafuta kipeuo cha pili cha 27,563. Kwa kuwa 166 × 166 ni 27,556, kipeuo ni 166 na kitu kidogo. Maana yake ni kwamba sasa tunahitaji kujaribu namba tasa zisizozidi 163 tu. Tulikuwa tunatazama karibu namba tasa 1,000. Sasa zote kwa pamoja ni 38, na nne kati ya hizo tumeshazimaliza. Punguzo hilo lote limeletwa na migawanyo minane.

Ili kupata baki kwa kikokotoo, fanya hivi: gawa, chukua sehemu nzima ya jibu, izidishe na kigawo, kisha toa zao hilo kwenye namba. Mfano, 27,563 ÷ 29 hutoa 950.448 na kuendelea; 950 × 29 = 27,550; 27,563 − 27,550 = 13. Baki ni 13. Usiisome .448 kana kwamba ndiyo baki, maana hilo ni kosa ambalo nimelikuta hata kwa wanafunzi hodari.

Mabaki ya 27,563 ni haya:

kwa 11 inabaki 8
kwa 13 inabaki 3
kwa 17 inabaki 6
kwa 19 inabaki 13
kwa 23 inabaki 9
kwa 29 inabaki 13
kwa 31 inabaki 4
kwa 37 inabaki 35
kwa 41 inabaki 11
kwa 43 inabaki 0

Tumepata 27,563 = 43 × 641.

Andika mabaki yote, hata yale yasiyokuletea kitu. Mtu anayeandika “haigawanyiki” bila kuonyesha baki hana namna ya kuikagua kazi yake inapokataa, na atalazimika kuanza upya.

Hatua ya 5: Jua pa kuachia

Je, 641 ni tasa? Wanaoanza huirudia orodha nzima kuanzia 2. Hakuna haja. Namba tasa zote zilizo ndogo kuliko 43 tumekwisha kuzijaribu au kuzitoa zote, kwa hiyo hakuna hata moja iliyojificha ndani ya 641. Iwapo 641 ingekuwa zao la namba mbili, kila moja ingelazimika kuwa na vigawo tasa ambavyo si vidogo kuliko 43, na zao lake lisingepungua 43 × 43, ambayo ni 1,849. Lakini 641 ni ndogo kuliko 1,849. Kwa hiyo 641 ni tasa, na kazi ya kugawa imekwisha.

Kanuni ya kuachia ni hiyo: acha pale mraba wa namba tasa unayoijaribu unapozidi namba iliyobaki mkononi.

Hii 641 ndiyo niliyosema ina historia. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zinazopatikana kwa kuipandisha 2 kwenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa mtindo huo, kisha kuongeza 1, zote ni tasa. Tano za kwanza ni tasa kweli: 5, 17, 257 na 65,537 zimo, pamoja na 3 inayotokana na kipeo cha 1. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inayofuata, yaani 2³² + 1 = 4,294,967,297, ni sawa na 641 × 6,700,417. Kigawo kile kile kilichoiangusha dhana ya Fermat kimo katika idadi ya watu iliyotokana na sensa yetu. Ni sadfa tu, lakini inanifurahisha kila ninapoiona.

Hatua ya 6: Hakiki kabla ya kusonga mbele

Andika jibu kwa ukamilifu:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Kisha lizidishe: 64 × 5 = 320; 320 × 7 = 2,240; 2,240 × 43 = 96,320; 96,320 × 641 = 61,741,120. Usiendelee hadi zao lirudi sawasawa, maana kila sifa tutakayoitafuta baada ya hapa inatokana na mstari huo mmoja. Ukikosea hapa, umekosea kote.

Hatua ya 7: Hesabu idadi ya vigawo

Chukua kila kipeo, kiongeze 1, kisha zidisha majibu. Vipeo vyetu ni 6, 1, 1, 1 na 1, kwa hiyo idadi ya vigawo ni 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Kati ya hivyo, vigawo witiri ni 16 (tunaiacha sehemu ya 2 na kuzidisha zilizobaki), na shufwa ni 96.

Kwa kuwa namba yetu si mraba, vigawo hivyo 112 vinakaa katika jozi 56, na kila jozi ikizidishwa inairudisha namba yenyewe. Jozi iliyo karibu zaidi na kipeuo cha pili ni 6,880 × 8,974. Anayetaka kuupanga umati huo wote katika safu zinazolingana, kwa umbo linalokaribia mraba kadiri inavyowezekana, atapanga safu 6,880 zenye watu 8,974 kila moja.

Kumbuka pia kwamba 31, ambayo ni idadi ya mikoa ya Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja, haimo katika vigawo. Ukigawa, kila mkoa unapata 1,991,649 na anabaki mtu mmoja.

Hatua ya 8: Tafuta jumla ya vigawo na uipange namba katika kundi lake

Kwa kila namba tasa, jumlisha 1 na kila namba unayoipata ukiipandisha ngazi kwa ngazi hadi kufikia kipeo chake, kisha zidisha jumla hizo:

sehemu ya 2: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 = 127
sehemu ya 5: 1 + 5 = 6
sehemu ya 7: 1 + 7 = 8
sehemu ya 43: 1 + 43 = 44
sehemu ya 641: 1 + 641 = 642

Zao ni 127 × 6 × 8 × 44 × 642 = 172,199,808. Kosa linalojitokeza hapa ni kuandika 1 + 64 = 65 badala ya 127, yaani kuzisahau ngazi za katikati.

Sasa toa namba yenyewe ili ubaki na vigawo vilivyo vidogo kuliko hiyo: 172,199,808 − 61,741,120 = 110,458,688. Tangu enzi za Wagiriki wa kale namba hupangwa katika makundi matatu kwa kipimo hiki. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, namba ni pungufu. Ikilingana nayo, ni timilifu. Ikiizidi, ni namba ya ziada. Yetu ni ya ziada, tena kwa kiasi kikubwa.

Namba timilifu ni adimu mno: 6, 28, 496, 8,128, kisha unaruka hadi 33,550,336, na inayofuata ni 8,589,869,056. Namba yetu iko kati ya hizo mbili za mwisho. Kwa anayependa njia ya mkato, namba yoyote iliyo kigawe cha namba timilifu, na ambayo ni kubwa kuliko hiyo timilifu, lazima iwe ya ziada. Yetu ina 4 na 7 ndani yake, basi inagawanyika kwa 28, na hilo pekee lilitosha kuipanga. Hata hivyo ninawashauri wanaoanza waipige hesabu ndefu angalau mara moja, kwa sababu njia ya mkato inakwambia kundi tu, haikwambii kiasi.

Hatua ya 9: Hesabu namba zisizoshirikiana nayo kigawo

Hapa tunauliza: kuanzia 1 hadi 61,741,120, ni namba ngapi ambazo hazina kigawo cha pamoja na namba yetu isipokuwa 1? Kwa kila namba tasa iliyotokea mara moja, punguza 1: 4, 6, 42 na 640. Kwa 2⁶, chukua nusu yake, yaani 32. Zidisha: 32 × 4 × 6 × 42 × 640 = 20,643,840. Hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya namba zote.

Hatua ya 10: Je, ni jumla ya miraba miwili?

Angalia kila kigawo tasa ambacho ukikigawa kwa 4 kinabakisha 3. Ikiwa kila kimoja cha aina hiyo kimetokea mara shufwa, namba inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili. Kikitokea hata kimoja mara witiri, haiwezekani. Kwetu 7 inabakisha 3, na 43 nayo inabakisha 3, na kila moja imetokea mara moja. Kwa hiyo hakuna namba nzima mbili ambazo miraba yake ikijumlishwa italeta 61,741,120, hata ukitafuta mwezi mzima.

Tahadhari: usihukumu kwa kuangalia kigawo kimoja. Ni kweli kwamba 641 = 25² + 4², na ni kweli kwamba 5 = 2² + 1², lakini 7 moja tu inatosha kulizuia jambo zima. Kwa upande mwingine, 45 ina 3 ndani yake na bado ni 6² + 3², kwa sababu 3 imetokea mara mbili.

Hatua ya 11: Sifa za maandishi yake

Sifa hizi zinategemea namna tunavyoiandika namba, si namba yenyewe, kwa hiyo sitakaa sana hapa. Jumla ya tarakimu zake ni 22, na namba haigawanyiki kwa 22. Katika mfumo wa 0 na 1 unaotumiwa na kompyuta inaandikwa 11101011100001100001000000, ikiwa na tarakimu 26, kumi kati yake zikiwa 1. Tazama sifuri sita za mwisho: zinalingana na kipeo cha 2⁶ tulichokipata katika hatua ya 2, na hivyo zinakuhakikishia mara nyingine kwamba hukukosea kuhesabu mishale.

Ukikwama

Zao halirudi kwenye namba ya mwanzo. Tumia kipimo cha 9 kutafuta kosa. Jumlisha tarakimu za namba hadi ibaki moja: 22, kisha 4. Fanya hivyo kwa kila sehemu: 64 inatoa 1, 5 inabaki 5, 7 inabaki 7, 43 inatoa 7, na 641 inatoa 2. Zao lake, 1 × 5 × 7 × 7 × 2, ni 490, ambalo linatoa 13, kisha 4. Yamelingana. Yasipolingana, rudi mstari kwa mstari kwa kipimo hicho hicho hadi uone yalipoachana. Lakini kipimo hiki hakiwezi kugundua tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa hiyo hakichukui nafasi ya hatua ya 1.

Kikokotoo kinaonyesha herufi E au kinaandika 6.174112 na kipeo cha 10 pembeni. Nafasi zimekwisha, au kifaa kimegeuka kwenye maandishi ya kisayansi. Zidisha kwa vipande. Mfano, katika hatua ya 8, 127 × 6 × 8 × 44 ni 268,224, na inabaki kuizidisha kwa 642: piga 268,224 × 6 na uongeze sifuri mbili mwishoni, kisha 268,224 × 42, halafu jumlisha kwa mkono.

Umeorodhesha vigawo na hesabu haifiki 112. Andika kwanza vigawo witiri 16 kwenye safu moja, kisha zidisha safu nzima kwa 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Anayeorodhesha kwa kukisia hurukwa na 4,487, ambayo ni 7 × 641, pamoja na vizidisho vyake.

Umejaribu namba tasa nyingi na hakuna inayogawa. Huenda hujakosea. Chukua 47,564,296, idadi ya watu wa Kenya katika sensa ya mwaka 2019, uifanyie hatua hizi hizi. Utatoa 2 mara tatu, kisha 13, kisha 19, na utabaki na 24,071 mkononi. Kipeuo chake ni 155 na kitu, kwa hiyo utalazimika kuzijaribu zote kuanzia 19 tena hadi 151, na zote zitakataa, kwa sababu 24,071 ni tasa. Majibu ya kujipimia ni haya: vigawo 32, jumla ya vigawo 101,102,400, na ukitoa namba yenyewe unapata 53,538,104. Nayo pia ni namba ya ziada, ingawa 28 haimo ndani yake.